Bakuli la Mheshimiwa

Marehemu alikuwa amelala kifudifudi jikoni, kijiko mkononi, paji la uso limegusa bakuli la mbwa. Mbwa mwenyewe alikuwa amekaa kando, mkia ameuzungushia miguu, kama mgeni anayesubiri mwenyeji amalize kusali.

Bakuli lilikuwa limejaa.

"Mbwa hajala?" Inspekta aliuliza.

"Hajagusa, afande. Ana adabu kuliko mimi."

Hapo sajini alisema kweli. Alikuwa mwembamba kama ufagio, lakini tumbo lake halikuwa na habari hiyo. Alikuwa ameshachungulia vyungu vyote viwili. Chungu kikubwa kilikuwa na mchuzi mwekundu wa pilipili, ukiusogelea tu unapiga chafya. Kile kidogo kilikuwa na nyama ya sungura na boga, vimechemshwa bila chumvi wala mafuta.

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi, mwenye macho ya mtu anayetafuta sindano aliyoiangusha mwenyewe. Alimgeukia mjane, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda, mkono tumboni.

"Pole sana, mama. Ulikuwa wapi?"

"Uani, naanika nguo. Akianza kumhudumia Mheshimiwa, mimi hutoka."

"Mheshimiwa nani?"

Mjane alimwonyesha mbwa kwa kidevu.

"Amepataje cheo hicho?"

"Kwa tumbo lake. Akila kuku, anajikuna mpaka damu. Akila ng'ombe, anaharisha zulia zima. Mafuta kidogo tu, anatapika. Kwa hiyo ana chungu chake, mwiko wake na sahani zake."

"Nani alikuwa anampikia?"

"Mwenye mbwa. Tangu astaafu ufundi saa, vyungu vyote ni vyake. Mimi kazi yangu kula na kushukuru."

Alisema bila kulia. Inspekta aliliona hilo, akaliweka akiba.

Maiti ilipelekwa kufanyiwa uchunguzi. Vyakula, vyungu na makopo yote ya jikoni vilichukuliwa kuwa vielelezo. Majibu ya mkemia yalipofika, sajini alisoma, akasoma tena, akakuna kichwa.

"Sumu ya panya, afande. Mchuzi mwekundu ni safi. Nyama mbichi kwenye friji ni safi. Sumu imo kwenye kopo la unga wa mifupa ya sungura, ule anaonyunyiziwa mbwa. Na tumboni mwa marehemu kuna..." Alisita. "Kuna sungura na boga. Huyu mzee alikula chakula cha mbwa!"

"Kwa moyo wake ulivyokuwa mbovu, vijiko vichache vilitosha. Unga huo unatoka wapi?"

"Kwa mdogo wake. Yule wanayemwita Bucha. Nyama yake, mifupa yake, mashine yake ya kusagia. Na siku moja kabla ya kifo walitukanana getini, mtaa mzima ukapata burudani."

Bucha alikamatwa akiwa bado na aproni. Mkuu wa kituo alifurahi kama mtu aliyeokota kuku amekwisha kunyonyolewa.

"Kesho asubuhi apande kizimbani," aliamuru. "Mauaji. Hatoki huyo mpaka meno yamwishe."

Inspekta alimkuta Bucha chumba cha mahojiano. Lilikuwa jitu zima, linafuta machozi kwa kiganja kikubwa kama sahani.

"Mligombania nini?"

"Geti, afande. Hanifungulii. Ati nguo zangu zina damu ya kuku, mbwa wake atawashwa. Mimi, ndugu yake wa tumbo moja, nampitishia nyama juu ya geti kama naleta chakula cha mfungwa!"

"Sumu uliweka lini?"

"Sikuweka sumu."

"Kwa nini kaka yako alikula chakula cha mbwa?"

"Hakuwa anakula, alikuwa anaonja. Kuna siku shemeji alitia kiungo cha supu kwenye kile chungu kidogo, kwa bahati mbaya, mbwa akaumwa nusura afe. Tangu hapo kaka haweki bakuli chini kabla hajahakikisha halina chumvi. Nilikuwa namtania: 'Kaka, onja taratibu, utaota mkia.'"

"Nani mwingine alijua?"

"Hakuna. Aliona aibu. Aliniomba nisimwambie mtu."

"Unajua umejifunga kamba mwenyewe? Aliyejua ni wewe peke yako."

"Najua. Lakini umeniuliza." Bucha aliinamisha kichwa. "Afande, mama yetu yu hai. Nani atamwambia kwamba mtoto mmoja kafa na mwingine kamuua?"

Inspekta alitoka. Nje alisimama, mikono kiunoni.

"Sajini, ungetaka kumuua mwenye nyumba, ungetia wapi?"

"Kwenye mchuzi. Ndicho chakula chake."

"Basi sumu haikuwa yake. Ilikuwa ya mbwa. Bucha alijua ikienda kwa mbwa itapitia mdomoni kwa kaka yake. Aliyetia hakujua."

Jioni ile walirudi kwenye nyumba. Mjane aliwafungulia. Mheshimiwa alikuwa amelala penye mlango wa jikoni, mbavu zimeanza kuhesabika.

"Tumerudisha makopo yako, mama," Inspekta alisema, akiyapanga rafuni, lile la unga wa mifupa mbele. "Huyu hajala tu?"

"Hali. Kila nikiweka, ananitazama."

"Ngoja nijaribu mimi."

Alichemsha sungura na boga. Akapoza kwenye bakuli. Akafungua kopo, akanyunyiza unga kwa mkono mpana. Mjane aligeuza uso, akatazama nguo zilizokuwa zikipepea uani. Inspekta akakoroga polepole, akachota kijiko, akakipeleka kinywani.

"Usiweke mdomoni!"

Kijiko kilisimama.

"Kwa nini, mama?"

"Ni... ni cha mbwa hicho."

"Nilipokuwa namnyunyizia mbwa ulikuwa unatazama nguo. Ulikuwa umenyamaza kabisa."

Mjane alilitazama kopo.

"Unga huu ni safi," Inspekta alisema. "Nimeusagisha leo. Wenye sumu uko maabara."

Mjane alikaa chini taratibu, kama mtu anayetua mzigo uliomzidi.

"Niambie kitu kimoja tu," alinong'ona. "Ilimfikaje? Nimekaa na swali hilo mpaka nahisi kichaa. Hakuna aliyekuwa anakula kile chakula."

"Alikuwa anaonja. Kila siku, wewe ukiwa uani."

Mjane alijifunika uso kwa kanga. Alipoanza kusema, alisema na ile kanga.

"Nilitaka mbwa afe. Mbwa tu. Mimi nina vidonda vya tumbo, Inspekta. Nilimwomba mume wangu apunguze pilipili. Akasema mchuzi bila pilipili ni maji ya kunawia, nijizoeze. Nikajizoeza. Natapika damu chooni, huku nasikia mwenzangu anapozewa boga. 'Karibu, Mheshimiwa. Tumbo linasemaje leo?' Mimi tumbo langu hakuna aliyelisalimia."

"Ukamwacha Bucha akamatwe."

"Nilidhani mtamwachia. Halafu... halafu niliogopa."

Sajini alitoa pingu. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kuzifunga.

"Nani atamchukua huyu?" Mjane aliuliza, akimtazama mbwa kwa mara ya kwanza.

"Bucha atatoka leo. Nitamwomba."

"Mwambie abadilishe nguo kwanza, damu ya kuku itamuumiza. Boga limenywe, mbegu zitolewe zote. Nyama ichanwe dogodogo. Asipewe ya moto, asipewe ya baridi. Na hali mpaka aambiwe neno."

"Neno gani?"

Mjane aliinuka, akaliweka bakuli sakafuni. "Karibu, Mheshimiwa."

Mbwa aliinuka, akasogelea bakuli, akala. Alikula mpaka bakuli likasogea sakafuni, na wao watatu wamesimama wakimtazama.

Kituoni, chakula cha mahabusu kilikuwa maharage, mekundu, yanaelea pilipili. Sajini aliyatazama, akatazama mlango wa selo, akayarudisha jikoni, ingawa njiani alijinyima sana. Aliporudi alikuwa na kikombe cha uji mweupe, amekwisha kuupoza kwa kuumimina huku na huku.

Alimpitishia mjane katikati ya vyuma.

"Hauna pilipili," alisema. "Tumbo linasemaje leo? Karibu, mama."

Mjane alikishika kikombe kwa mikono yote miwili. Hakunywa. Alilia hapo, machozi yakaanguka ndani ya uji, mpaka ukaingia chumvi.