Kilio cha Ndama Asiyekuwepo

"Lisemwalo halipo," alisema Inspekta Swaumu Mbwana. "Na kama lipo, kuna aliyelileta."

Hakuna aliyecheka. Wanaume wa kitongoji cha Chihembe walisimama ukingoni mwa mashamba ya uwele, jua la saa tatu likiwachoma visogo, na hakuna aliyekuwa tayari kupiga hatua nyingine kuelekea vichakani. Huko mbele kulikuwa na maiti. Na huko huko kitu kilikuwa kinalia.

Kilianza kama ndama aliyenaswa kwenye miiba. Kisha sauti ikazama, ikawa nzito, ikajivuta kama ya mzee anayeugulia kitandani. Ikanyamaza. Ndege nao wakanyamaza. Halafu ikaanza upya.

"Ni yeye," alisema mwenyekiti wa kitongoji, mzee Batholomeo. "Ni Bibi Matika."

"Yuko wapi huyo Bibi Matika?"

"Tulimzika mwezi uliopita, mama."

"Afande," Konstebo Gerson alimsahihisha.

"Tulimzika mwezi uliopita, afande."

Swaumu alitangulia. Gerson, kijana wa Hombolo aliyekulia kwenye hofu zile zile, alimfuata huku midomo ikicheza sala. Kila walivyosogea, ndivyo ile sauti ilivyozidi kuzeeka.

Maiti ililala chali kwenye uwazi mdogo. Wambura, mhadhiri wa chuo kikuu, mtafiti wa fisi. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Kando yake ulilala mtaimbo, ncha yake ikiwa na damu iliyokauka na nywele chache. Lakini uso ulikuwa safi, na macho yamefumbwa kwa adabu, kama ya mtu aliyefia nyumbani kwake.

"Angalia chini," alisema Swaumu.

Nyayo za fisi zilijaa kila mahali. Zilizunguka, zikazunguka tena, duara juu ya duara, hadi udongo mwekundu ukawa unga. Zote zilikoma mahali pamoja, kwenye majivu. Moto ulikuwa umewashwa kuizunguka maiti pande zote. Swaumu aliinama, akaweka kiganja juu ya majivu. Yalikuwa bado ya moto.

"Afande," Gerson alinong'ona, "muuaji gani anakesha kumlinda aliyemuua?"

Swaumu alifuata waya kutoka kwenye mlingoti uliobeba spika ya honi, kama zile za mikutano ya vyama vipya, mpaka kwenye betri ya gari na redio kaseti iliyofunikwa nailoni. Alibonyeza kitufe. Kilio kikakatika katikati.

Kimya kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi.

Akafungua kifuniko, akaitoa kaseti kwa leso asiharibu alama za vidole, akaiinua kwenye jua.

"Betri inakufa. Ndiyo maana ndama anageuka bibi kizee," alisema. "Sasa tazama mkanda. Wote bado uko upande mmoja. Upande huu ndiyo kwanza umeanza."

"Maana yake?"

"Kaseti haijigeuzi yenyewe, Gerson. Kila ikiisha, kuna mtu anaigeuza. Aliyeigeuza mara ya mwisho alikuwa amesimama hapa ulipo wewe, sisi tukiwa kule shambani tunabishana."

Gerson aliruka pembeni kama aliyekanyaga nyoka. Vichaka havikutikisika. Palikuwa na harufu ya moshi tu.

*

Dereva wa mradi alikuwa ameketi kwenye kivuli cha Landcruiser, kofia mapajani.

"Jina?"

"Elisante, afande."

"Mashine ile ni ya nini?"

"Ya kuita fisi. Inalia kama ndama anayekufa. Fisi wanakuja, tunawahesabu." Alijaribu kutabasamu. "Enzi za ruksa hizi, afande. Hata fisi wanapigiwa kaseti."

Swaumu hakutabasamu. "Nani anajua kuiendesha?"

"Marehemu. Mimi. Na Yudith, mkalimani wetu. Dokta hakujua Kigogo, na wazee wa huku Kiswahili chao ni cha kubahatisha."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Gereji, Hombolo. Rejeta imetoboka. Nimelala kwa fundi. Asubuhi narudi, namkuta mwenyekiti anakimbia barabarani, wachungaji wameshaiona maiti kwa mbali. Nikamleta kwenu moja kwa moja, kisha nikawaleta nyinyi."

Ni kweli. Kaseti ilipogeuzwa mara ya mwisho, Elisante alikuwa amesimama shambani hatua chache kutoka kwa Swaumu.

"Wanakijiji walijua kuwa ni mashine?"

Elisante aligeuza kofia. "Hapana. Dokta alikataa wasiambiwe. Alisema wakijua watafungia mifugo mapema, watatega mitego, hesabu itaharibika. Tulikuwa tunaipiga mbali, upepo ukielekea porini. Siku ya upepo mbaya ilisikika kijijini kidogo."

"Mliipiga mara ngapi?"

"Kila jioni. Tangu masika."

"Mahali pale pale?"

"Kanuni ni kupiga mara moja na kuhama. Lakini hapa walikuja vizuri sana. Dokta alifurahi. Matokeo ya awali yameshakwenda chuoni: fisi wa Hombolo wameongezeka maradufu. Wafadhili wamekubali kurefusha mradi."

"Wameongezeka," Swaumu aliuliza polepole, "au wameitwa?"

Elisante akavaa kofia yake.

*

"Mbukwenyi," Swaumu aliwasalimu kwa Kigogo wazee waliokusanyika uwanjani. Waliitikia, wakashangaa kidogo, wakampa kigoda.

"Watafiti tumewazoea," alisema mzee Batholomeo. "Wanachota udongo, wanapima mkojo wa watoto, wanahesabu miti yetu. Wanaondoka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kutuambia alichokiona. Huyu angalau alikaa."

"Niambie habari za Bibi Matika."

Mzee alitazama vidole vyake vya miguu.

"Masika fisi walianza kuja kila jioni, jua halijazama. Hatujapata kuona. Wakala mbuzi. Kisha wakamchukua mtoto, afande. Mtoto wa miaka minne, mlangoni kwa mama yake. Tukaita mkutano. Tukamuuliza yule dokta: wewe ni msomi wa fisi, nani anawaita?"

"Akajibu nini?"

"Akasema hajui. Yudith akatutafsiria: hajui. Sasa kama msomi hajui, basi si jambo la wasomi. Tukatafuta wenyewe. Bibi Matika alikuwa anaishi peke yake, karibu na pori. Macho yake mekundu. Na jioni nyingine sauti ilisikika upande wake."

"Mkamfanya nini?"

"Vijana walimpiga."

"Vijana gani?"

"Vijana tu, afande. Wa kijiji."

"Vijana tu hawana mikono. Mikono ina wenyewe. Mlipeleka taarifa polisi?"

"Tulisema ameanguka korongoni."

"Mlimzika wapi?"

"Porini. Hatukuweza kumchanganya na wengine."

Gerson aliacha kuandika. Swaumu alimwonyesha kwa jicho aendelee.

"Huyo bibi alikuwa na watoto?"

Upepo ulivuka uwanja ukabeba vumbi, ukalitua.

"Mmoja. Yudith."

*

Yudith alikuja mwenyewe, kwa miguu, kanga mbili mwilini, akitembea katikati ya njia kama mtu asiye na sababu ya kujificha. Alikuwa na miaka ishirini na ushei. Alimsalimu mwenyekiti kwa kichwa tu.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Buigiri, kwa shangazi."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

"Kanga yako inanuka moshi."

"Shangazi anapikia kuni."

"Na macho yako mekundu."

Jambo la ajabu likatokea: Yudith aliachia tabasamu dogo, la uchovu, kana kwamba neno hilo ndilo alilokuwa amelisubiri muda wote.

"Ya mama pia yalikuwa mekundu, afande. Ni moshi tu. Maisha yake yote kwenye jiko la kuni. Sasa mimi nimekesha kwenye moto siku moja, tazama. Je, na mimi ni mchawi?"

Wazee walijikunyata. Swaumu alisimama.

"Yudith, nakuonya. Hulazimiki kusema lolote. Utakalosema litaandikwa na linaweza kutolewa mahakamani kama ushahidi."

"Andikeni. Nilitaka kuandikwa tangu asubuhi, mlichelewa."

"Ulimuua Wambura?"

"Nilimuua."

"Kwa nini?"

"Siku ya mkutano yeye alisema hajui, na mimi nikatafsiri. Kwa mdomo wangu huu. Nilijua anajua. Kaseti nilikuwa naiweka mimi. Lakini nilikuwa nimeapa kutunza siri ya mradi, na ile kazi ndiyo iliyomlisha mama. Nikadhani watu wataondoka wakiguna, basi. Sikujua kwamba watakwenda moja kwa moja kwa mama."

Alitazama uwanja. Hakuna aliyemtazama.

"Tulipomzika nilimwambia dokta: sasa waambie. Wapigie kaseti wasikie. Mama amekufa, lakini jina lake bado liko hai na linaoza. Akasema nisubiri, ripoti kamili itoke kwanza. Jana jioni nikamwambia tena. Akacheka, si kwa ubaya, akasema, 'Dada Yudith, matokeo yameshakwenda. Nikisema leo kwamba nimewaita mimi, utafiti wote unakufa.' Akainama kuunga waya. Mtaimbo wa kuchimbia mlingoti ulikuwa mkononi mwangu."

"Kisha ukamlinda na fisi."

"Walikuja wengi. Macho yao yalikuwa kama nyota zilizoanguka. Ningemwacha, wangemla, na asubuhi mngesema fisi kamla msomi. Halafu mngetafuta bibi mwingine." Alimgeukia Batholomeo. "Nani alikuwa anafuata, baba mwenyekiti? Dada yako naye ana macho mekundu."

Mzee alitazama tena vidole vyake vya miguu.

"Kwa hiyo ukaiacha kaseti ilie," alisema Swaumu.

"Ilie mchana, wasikie, waje waione ni chuma na betri. Niliigeuza, nikaigeuza, nikasubiri mtu mmoja tu awe na ujasiri wa kusogea." Sauti yake ilikatika kwa mara ya kwanza. "Wakasema ni mama."

Swaumu alimwashiria Gerson. Konstebo akaileta redio kaseti, kaseti ikiwa imerudishwa ndani, akaiunga kwenye betri ya Landcruiser, akaiweka juu ya kigoda katikati ya uwanja.

Ndama akalia.

Alilia kwa sauti nyembamba, safi, ya mnyama mchanga, kwa nguvu ya betri nzima, mchana kweupe, kutoka kwenye kisanduku kisichozidi ukubwa wa debe. Mwanamke mmoja aliziba masikio. Mwingine, mama wa yule mtoto aliyechukuliwa, alisogea, akaigusa spika kwa kidole kimoja. Ilikuwa inatetemeka. Akaketi chini vumbini bila sauti.

Hata Gerson alipoizima, ilikuwa kana kwamba bado inalia huko mbali, upande wa pori.

"Maiti mbili," alisema Swaumu. "Majalada mawili. Mwenyekiti, majina ya hao vijana nayataka kabla jua halijazama. Yote."

Pingu zilifungwa. Yudith alinyoosha mikono bila kuambiwa.

Mzee Batholomeo alijikongoja mpaka mbele yake. "Mwanangu, umemwaga damu ya mgeni kwenye ardhi yetu. Omba radhi. Mbele ya watu. Ardhi itulie, mvua isitukimbie."

"Na mahakama humsikiliza anayejuta," Swaumu aliongeza kwa sauti ya chini. "Ni kosa la kunyongwa, dada. Marehemu ana mke, yuko njiani anakuja. Neno moja kwake linaweza kukufaa."

Yudith aliwatazama mmoja mmoja, polepole, mpaka wa mwisho.

"Mama yangu yuko porini bila msalaba. Hapa mmesimama wote, na mmesikia kwa masikio yenu. Nani amefungua mdomo kuniomba mimi?"

Mzee Batholomeo alirudi nyuma, akaungana na wenzake.

"Basi andika, konstebo. Nimeua, na mnitundike. Radhi siombi."

"Hata kwa mjane?"

"Hata kwake. Siombi."