Vipimo Ishirini vya Nyundo

Kila siku ya shule Nyundo alirudi nyumbani saa tisa alasiri, akavua viatu mlangoni, akala chakula alichofunikiwa mezani, akanawa mikono, kisha akaingia katika chumba cha kazi cha shangazi yake, aliyekuwa akimlea. Utaratibu huo haukubadilika. Shangazi hakuwa mtu wa kurudia maneno, na mtoto aliyeingia humo na vidole vyenye mafuta alirudishwa bombani kwa kutazamwa tu.

Nyundo halikuwa jina lake la kuzaliwa. Wanafunzi wenzake walimpa jina hilo kwa sababu ya ngumi zake. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, mwembamba, mwepesi wa hasira, na katika muhula ule mmoja alikwisha kuitwa mara nne ofisini kwa mwalimu mkuu kwa kosa la kupigana.

Shangazi alikuwa mkaguzi wa programu. Kila kompyuta, hata iliyo ndogo kama kiganja, ina programu moja iliyo chini ya nyingine zote, nayo huitwa kiini. Kiini hakijui kuzungumza na kamera, taa wala kifaa kingine chochote. Kila kifaa huhitaji mkalimani wake, yaani kiendeshi. Watu wa miji mbalimbali huandika viendeshi na kuvituma, lakini hakuna anayeruhusiwa kuidhinisha kazi yake mwenyewe. Lazima mtu wa pili aisome mstari kwa mstari, na wa tatu aijaribu kwenye kifaa chenyewe. Wakisharidhika, majina yao huandikwa chini yake: imekaguliwa na fulani, imejaribiwa na fulani. Majina hayo hayafutwi.

Jumatano hiyo palikuwa mezani na bodi ndogo ya kompyuta, na juu yake kitambuzi cha mwanga, kidogo kuliko punje ya mchele. Kazi yake ilikuwa kupima mwanga wa mahali kilipo, ili giza likiingia, bodi iwashe taa.

"Soma hapa," Shangazi alisema, akigusa kioo cha kompyuta kwa ncha ya kalamu. "Mwandishi anakilaza kitambuzi ili kisile umeme bure. Kikiamshwa, yeye hakipi upya maagizo ya kupima. Unaona?"

"Naona. Amesahau?"

"Hajasahau. Kitabu cha kiwanda kinasema kwamba kitambuzi hiki hulala na maagizo yake kichwani. Huenda ni kweli. Lakini vitabu vya viwandani nimevisoma kwa miaka kumi na minane, na vingine vimeandikwa na watu ambao kifaa chenyewe hawajawahi kukigusa. Umeme ukizimwa kabisa na kuwashwa upya, kiendeshi hukipa kitambuzi maagizo. Hapo sina shaka. Shaka yangu iko kwenye kuamka tu."

Alimpa Nyundo ndoo nyeusi, saa, na karatasi yenye mistari ishirini. Nyundo alitakiwa kukiacha kitambuzi kione mwanga, kukilaza, kukifunika kwa ndoo, kusubiri dakika tatu, kukiamsha, kisha kusoma namba na kuiandika. Baada ya hapo arudie.

"Mara zote ishirini, Shangazi? Kwani tano hazitoshi?"

"Ungeuliza kama thelathini zingefaa zaidi, ningekujibu. Mimi naenda kung'olewa jino. Nikirudi sitaki kuzungumza, nataka kusoma."

Shangazi akaondoka. Nyundo aliitazama saa: tisa na nusu.

Saa kumi alikuwa na ahadi. Asubuhi ya siku ile, Kibiriti, binti wa fundi umeme, alikuwa amesimama mbele ya darasa zima na kusema, "Mnamjua kupe? Kupe hana kwao. Hujishikiza kwa shangazi, akanyonya." Darasa lilicheka hadi wengine wakalalia madawati. Nyundo hakucheka. "Saa kumi, nyuma ya ukuta wa shule," alimwambia. "Usipotokea, nitakufuata kwenu."

Dakika tatu mara ishirini ni saa nzima. Akichelewa, kesho angeitwa mwoga. Alikifunika kitambuzi kwa ndoo mara tano, bila kukilaza hata mara moja. Penye mwanga kilisoma 812. Chini ya ndoo kilisoma 3. "Kinaona vizuri," alijiambia. "Kikilala na kuamka kitaona vilevile." Akaijaza mistari yote ishirini kwa 3 na 4, akizichanganya ili zionekane za kweli, akaandika jina lake chini, na akatoka mbio.

Kibiriti alikuwa amefika, na watoto wapatao thelathini walikuwa wamefanya duara. Nyundo alipiga kwanza, akampata mwenzake shavuni. Kibiriti akamshika nywele, akamvuta hadi chini, akamkandamiza uso katika kokoto. Nyundo alionja damu na vumbi. Alimpiga kwa kiwiko tumboni, mara mbili, mara tatu, hadi mikono ile ilipolegea, kisha akamkalia kifuani, akampiga puani. Pua ilitoa mlio kama wa kijiti kinachovunjika. Duara lililokuwa likishangilia likanyamaza ghafla, kila mtoto akatafuta njia ya kwenda kwao.

Jioni Shangazi alirudi na shavu lililovimba, akautazama mdomo wa mpwa wake uliopasuka.

"Umepigana. Kabla ya kazi au baada?"

"Baada, Shangazi."

Shangazi aliisoma karatasi, akaandika majina yote mawili chini ya kiendeshi kile, akakituma.

Baada ya majuma matatu, kiendeshi kilikuwa kazini. Karibu na shule palikuwa na karakana ya vyuma, na ndani yake ujia usio na madirisha, ulioshuka kwa ngazi nne hadi kwenye mashine ya kukatia mabati. Lango kubwa likiwa wazi, ujia ulipata mwanga wa nje. Likifungwa, ulikuwa na giza kama ndani ya pipa. Mwenye karakana alinunua bodi yenye kitambuzi ili taa ijiwashe yenyewe, na aliyeifunga alikuwa fundi umeme, baba yake Kibiriti.

Siku tatu za kwanza lango lilikuwa wazi muda wote wa kazi, na taa haikuhitajika. Siku ya nne mvua kubwa ilinyesha mchana, na lango likafungwa. Kitambuzi kilichokuwa kimelala kiliamshwa, lakini maagizo yake yalikuwa yamepotea usingizini; kikaendelea kutoa namba ya mwisho iliyosomwa asubuhi, penye jua. Taa haikuwaka. Mfanyakazi mmoja, mrefu, aliyebeba bati begani, aliikosa ngazi ya kwanza. Alianguka juu ya ukingo wa bati, nalo likamchana mkono kuanzia kiwiko hadi karibu na kiganja.

Wenzake walipomtoa, nyayo zao ziliacha alama nyekundu sakafuni. Ndipo mmoja wao akakumbuka kwamba jana yake majeruhi alikuwa amegombana na fundi umeme kwa sababu ya ngazi ya kupandia, na fundi akaondoka akisema, "Utanikumbuka."

"Amekata waya," mtu akasema.

"Nani?"

"Nani mwingine?"

Hakuna aliyekwenda kuutazama waya; fundi alikuwa bado na kazi pale uani, nao wakamfuata.

Nyundo alikuwa akitoka shuleni. Aliposikia kelele, alisimama langoni, ambako mlango mdogo wa pembeni ulikuwa wazi. Mtu mmoja pale alikuwa akieleza kwamba taa mpya ya ujia, ile ya kitambuzi kidogo kama punje ya mchele, haikuwaka, na mfanyakazi ameumia. Uani, kwenye tope, wanaume saba au wanane walikuwa wamemzunguka fundi umeme. Mmoja alimpiga kwa mkanda, upande wenye kifungo cha chuma. Mwingine alikuwa na kipande cha bomba la mpira, na kila alipokishusha, fundi alitoa sauti fupi, kama mtu anayekohoa. Alijaribu kusimama, akapigwa teke la mbavu, akarudi chini. Jicho lake moja lilikuwa limekwisha kufumba kwa uvimbe.

"Sema umekata," mwenye bomba alimwambia. "Sema, tumalize."

"Sijakata kitu, ndugu zangu. Kaangalieni."

Bomba likashuka tena.

Kibiriti alimpita Nyundo kwa kasi, akajitupa juu ya baba yake. Walimwinua kwa mkoba wake wa shule, wakamrusha pembeni. Alijigonga kwenye rundo la vyuma, akainuka, akarudi. Akarushwa tena.

Hapo Nyundo alielewa. Taa ya ujia, mvua, lango lililofungwa, kitambuzi kilichoamshwa gizani. Kipimo kimoja tu cha kweli chini ya ndoo kingetosha kulionyesha kosa lile. Alitambua pia kwamba hakuna mtu yeyote pale aliyejua, na kwamba akienda zake nyumbani hakuna atakayejua kamwe. Miguu yake ilikuwa imekwisha kugeuka kuelekea barabarani. Kisha akamsikia Kibiriti akilia, "Mwacheni baba yangu," kwa sauti ambayo hakuwahi kumsikia akiitumia, hata pua ilipovunjika.

Nyundo aliingia. Alipenya kati ya wanaume wawili, akasimama juu ya fundi akiwa amenyoosha mikono. Mkanda ulikuwa tayari hewani, haukuweza kuzuiwa. Kifungo kilimpata begani, kikachana sare na ngozi. Akapiga magoti kwa maumivu, lakini hakuondoka.

"Mtoto wa nani huyu? Mtoeni."

"Waya haujakatwa," alisema, akihema. "Mimi ndiye niliyeharibu. Niliandika uongo."

Wengine walicheka. Msimamizi wa karakana, mama mnene mwenye mikono iliyojaa damu ya majeruhi aliyetoka kumfunga kitambaa, akajongea. "Nyamazeni. Uongo gani, binti?"

"Kitambuzi cha taa. Nilitakiwa nikijaribu mara ishirini, sikujaribu hata moja. Kikilala na kuamka, hakioni giza. Zimeni swichi yake, kisha mwashe upya. Taa itawaka. Kama waya umekatwa, haitawaka."

"Na isipowaka?"

"Mnipige mimi."

Msimamizi akaenda mwenyewe kwenye kisanduku cha swichi. Kikasikika kishindo kidogo cha kuzima. Kikasikika cha kuwasha. Watu wote walikuwa wameugeukia mlango wa ujia, ambao ulikuwa mweusi kama shimo. Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha taa ikawaka, ikaangaza ngazi zote nne na damu iliyokuwa juu yake.

Mwenye bomba aliliacha lianguke kwenye tope. Hakuna aliyeliokota. Kibiriti alikuwa amekaa chini, amekipakata kichwa cha baba yake, akimfuta damu masikioni kwa ukingo wa sketi.

Majeruhi alishonwa, na mkono wake ukapona, ingawa vidole viwili vilibaki vizito. Wanaume wawili walioongoza kipigo walipelekwa kituo cha polisi. Fundi umeme alikuwa amevunjika mbavu mbili.

Shangazi alisikiliza habari yote bila kumkatiza mpwa wake. Alilisafisha jeraha la bega, akalifunga, ndipo akasema, "Nilisoma kila mstari wa mwandishi mgeni, lakini karatasi yako niliipokea bila kuikagua, kwa kuwa wewe ni mtoto wangu. Kosa hilo ni langu, nami nimewaandikia hivyo wote wanaotumia kiendeshi kile. La kwako utalibeba mwenyewe."

Jumamosi waliirudia kazi. Nyundo aliomba shahidi mmoja awepo, akamtaja. Kibiriti alikuja na plasta usoni, akaketi bila salamu, akaivuta ndoo upande wake. Kwanza walikijaribu kiendeshi cha zamani. Kitambuzi kililala, kikafunikwa, kikaamshwa: 812, gizani kabisa. Nyundo alishindwa kuitazama namba ile. Baadaye Shangazi akaongeza mistari mitatu iliyokipa kitambuzi maagizo kila kinapoamka, wakaanza upya. Kilisoma 3. Kikasoma 3. Saa ilienda polepole. Baada ya kipimo cha kumi na tisa, Nyundo aliiweka kalamu chini ili anyooshe vidole.

"Bado kimoja," Kibiriti alisema.

"Najua. Sijasema nimemaliza."

Alasiri waliipeleka karatasi nyumbani kwa fundi umeme. Alikuwa amelala chali, kifua kimefungwa bandeji, jicho moja bado la zambarau. Nyundo alimwamkia, akaomba radhi, akasimama mlangoni. Fundi alizisoma namba zote ishirini, moja baada ya nyingine, na hakuharakisha.

"Sogea, mwanangu," alisema hatimaye. "Siku ile nililala kwenye tope nikajiuliza, hawa watu wameujuaje waya wangu bila kuutazama? Walikuwa na hasira, walitaka jibu la haraka, wakaliandika jibu kabla ya kupima. Nawe ulifanya vivyo hivyo na karatasi yako. Wao waliandika kwa mkanda, wewe kwa kalamu, na yote mawili yaliangukia mbavu zangu. Ukiweka jina lako chini ya jambo, unawaambia watu wasiokujua kwamba umeliona kwa macho yako. Watatembea gizani kwa kuliamini jina hilo. Usiliweke tena mahali ambapo hukufika."

"Sitaliweka, mzee wangu."

"Na zile ngumi zako uzipumzishe. Umeona mwisho wake ulivyo zikiwa za watu wazima."

Kibiriti alimsindikiza hadi mlangoni.

"Sijakusamehe," Kibiriti alisema.

"Najua."

"Lakini kesho uje. Baba hugeuzwa kila baada ya saa mbili, na mimi peke yangu simwezi."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi. Usichelewe."

Nyundo alifika saa mbili na nusu.