Kombe la Kisogo

Mwatima aliitika "Naam", na hakuna aliyemwita.

Bi Mize, shangazi yake, alikuwa jikoni akikuna nazi. Alidhani mtoto kasikia sauti ya jirani, maana nyumba za mtaa wa Kiponda zimebanana mpaka mtu akipiga chafya huku anaombewa rehema kule. Lakini ile naam ilikuja mara ya pili, na ya tatu, kwa adabu ileile, na chumbani ikapita harufu ya zafarani na maji ya waridi. Nyumba ile haikuwa na zafarani tangu Idi.

"Unamwitika nani, mwanangu?"

"Ananiita, Shangazi."

"Nani?"

Mtoto hakugeuka. Alikuwa amekaa juu ya mkeka, ameuelekea ukuta.

Jambo lenyewe lilianzia skuli, na mimi sina subira na watu wasemao kuwa watoto ni watoto tu. Mwaka ule wa 1956 Mwatima aliletwa mjini kutoka Makunduchi, umri miaka kumi na miwili, asome katika skuli moja ya wasichana. Alikuja na akili yake na lafudhi yake ya Kikae, lahaja ya kwao shamba. Kila akifungua mdomo darasa lilicheka, na kicheko hicho mwanzishaji wake alikuwa Mwanakheir binti Masoud, mtoto wa hapohapo Mji Mkongwe, mzuri wa sura na hodari wa hadithi. Wakati wa mapumziko wasichana walimzunguka awasimulie habari za jini aliyembuni mwenyewe, Kisogo, asiye na uso: mbele kisogo, nyuma kisogo. Kila siku Kisogo alimtesa mtoto mwingine.

Siku moja Mwatima, aliyekuwa akisikiliza kwa mbali, aliuliza, "Kwani huyo Kisogo anawatesea nini?"

Wenzake walicheka lafudhi yake. Mwanakheir hakucheka. Hakuwa na jibu, na kila mtu alimwona kuwa hana.

Kesho yake alikuja na sahani nyeupe chini ya buibui. Kombe kila mtu Unguja analijua: maalim huandika aya kwenye sahani kwa zafarani, huzisuuza kwa maji ya waridi, mgonjwa akanywa. Mwanakheir aliandika la kwake. Hakuandika aya hata moja. Aliandika jina la Kisogo mara saba, akalisuuza mbele ya rafiki zake.

"Limetoka kwa maalim wetu," alimwambia Mwatima, mpole kama dada yake. "Ukinywa, ulimi wako utakuwa wa mjini. Hawatakucheka tena."

Mwatima aliishika sahani kwa mikono miwili, akanywa mpaka tone la mwisho, akasema ahsante. Wale wasichana walicheka mpaka wakashikana mabega. Kinachoniuma mimi mpaka leo ni ile ahsante.

Siku tatu hakula. Siku tatu hakuuacha ukuta. Ikawa inasikika sauti kama ya kidole kilicholowa kikisugua sahani, taratibu, mchana kutwa, na Bi Mize alipopekua kabati hakuona sahani iliyosogea. Siku ya tatu, jua la alasiri likiwa bado dirishani, alichukua uji akaenda kumlisha kwa nguvu, akazunguka upande wa mbele, baina ya mtoto na ukuta, akainama amtazame usoni, akaona nywele zilizosukwa, akadhani amekosea upande, akarudi nyuma alikotoka, akaona nywele zilizosukwa, na bakuli la uji likamponyoka huku kile kilichokaa mkekani kikiitika kwa adabu, "Naam, Shangazi. Naam."

Maalim Simai alikuja na chetezo cha ubani. Alikuwa mzee wa kazi ile, na majini alikuwa akizungumza nayo kama watu wanavyozungumza na wapangaji wabishi.

"Nani wewe? Unataka nini? Pete? Halua? Sema tukupe, umwache mtoto kabla hajatufia."

Sauti iliyojibu ilikuwa ya Mwatima, lakini lafudhi ya Makunduchi haikuwamo. Ilikuwa Kiunguja safi cha mjini.

"Sitaki kitu. Nileteeni Mwanakheir."

Bi Mize alikwenda kumchukua mwenyewe, akaja naye amemshika kiganja.

"Shikamoo, Maalim," alinong'ona Mwanakheir.

"Marahaba. Kaa. Unaulizwa."

"Umenipa jina," ilisema sauti. "Umenipa na kazi ya kutesa. Sababu hukunipa. Nnatesa kwa nini?"

Mwanakheir alijaribu kubuni, kama kawaida yake. "Uliibiwa mtoto wako."

"Uongo."

"Ulifungwa kisimani, miaka mia."

"Uongo. Wewe huyu ulimtesa kwa nini? Sababu yako ndiyo yangu."

"Sema kweli, mwanangu," alinong'ona Maalim Simai. "Mwenzio anakufa."

Mwanakheir alilia. "Hajanikosea kitu. Walikuwa wakicheka tu. Wakicheka nnajiona mtu. Basi, hakuna jengine."

Ile sauti ya sahani ikanyamaza.

"Hiyo inantosha," ilisema sauti.

Mwatima akaanguka chali, na uso wake ulikuwapo, umelowa jasho. Akaomba maji, kwa Kikae chake. Bi Mize alimkumbatia akilia, na katika furaha ile hakuna aliyemtazama Mwanakheir akitoka. Maalim Simai peke yake aliuona moshi wa ubani ukimfuata mlangoni. Akajipiga paji la uso. Jini haliachwi likaondoka mpaka liape linakokwenda, na yeye alikuwa hakuliapisha.

Jumatatu Mwatima alirudi skuli. Mwanakheir alikuwa ameshafika, amekaa kwenye dawati ameuelekea ukuta, hageuki. Mwalimu alikuwa bado hajaingia.

"Naam," alisema Mwanakheir. "Naam. Naam."

Wasichana walidhani ni mchezo mpya, wakaanza kucheka. Darasa likanukia zafarani. Kila walivyocheka ndivyo ile naam ilivyozidi nguvu, na shingo ya Mwanakheir ikazidi kunyooka. Mwatima aliijua harufu ile. Alisimama mbele ya darasa zima, akasema kwa lafudhi ya kwao, bila kuificha:

"Msicheke, nakuombeni! Kicheko ndicho chakula chake!"

Wakatazamana. Kisha mmoja akamwiga alivyotamka, na darasa zima likaangua kicheko.

"Naam," ikaitika sauti kule ukutani.