Mkubwa Huliwa Kwanza

Nyumba ya fundi cherehani haikukaukiwa wageni. Aliyeleta kitambaa aliketi, aliyeketi alikula, na umbea ulitoka humo umevaa nguo mpya.

Uani walichakura kuku aliowarithi kwa marehemu mama yake. Enzi za mama, jogoo akipita dirishani ungedhani mtu anachungulia! Lakini mama aliwachinjia wageni kuku wadogo, na watu walimsema kuwa mchoyo. Binti aliumia, akaapa kwamba kwake mgeni atachinjiwa mkubwa kuliko wote. Akafanya hivyo miaka yote.

Sasa kuku wenyewe walikuwa kama njiwa. Mumewe, seremala, alisema mbegu hiyo imekwisha, wauzwe wote. Fundi hakulala vizuri. Kuwika kwa jogoo wale ndiko kulikomrudishia asubuhi za utotoni.

Akamwita jirani yao, bibi mifugo, alete dawa. Jirani akawapapasa kuku, akasema ni wazima. Akauliza nani huchinjwa kwanza.

"Mkubwa, jamani. Nimpe mgeni kifaranga?"

Jirani akaomba maharage, makubwa kwa madogo, akayamwaga kwenye sinia.

"Hawa ndio kuku wako. Mgeni kaja, mchinjie."

Fundi akatoa makubwa kabisa. Kila harage lililobaki, jirani akaliongezea mtoto wa umbo lake. Mgeni mwingine akaja, makubwa yakatoka tena. Wakaendelea hivyo mpaka sinia likajaa madogo matupu.

"Huu ni mfano wa hesabu," jirani akasema. "Wataalamu huutumia kuona vizazi vijavyo bila kungoja miaka. Kuku wakubwa kwa kawaida huzaa wakubwa. Ukiwala kabla hawajazaa, unabakiza mbegu ya wadogo. Hawaumwi, shoga. Umewachagua mwenyewe."

Fundi akachota maharage yale madogo kiganjani.

"Basi mama hakuwa mchoyo," akasema. "Alikuwa anachagua."

Walibaki jogoo mmoja na matetea wachache wenye miili. Akawaacha wazae. Wadogo ndio wakaenda sufuriani. Wageni wakanong'ona kwamba binti kafuata mkono wa mama yake. Fundi akacheka, akawaongezea mchuzi.

Haikuwa kazi ya msimu mmoja. Lakini kizazi kwa kizazi, vifaranga wakazidi kujaa miili. Na seremala, yule yule aliyetaka wauzwe, ndiye aliyeshika msumeno akapanua mlango wa banda. Jogoo alikuwa haingii.