Bibi Harusi Aliyeganda

Tangu asubuhi mnanisumbua, "Bibi, tusimulie ile ya video." Video mnazijua ninyi, mnalala nazo mnaamka nazo, halafu msimulizi niwe mimi. Haya, kaeni. Na huyo anayechezea simu aiweke chini kabla sijamtaja.

Walikuwepo dada wawili wa tumbo moja. Mkubwa alipiga video za harusi, watu wakamwita Fundi. Mdogo aliitwa Kidosho, na kweli alikuwa kidosho. Hata akipiga chafya watu walitabasamu. Mtaani kwao kulikuwa na kinyozi mpole, na Fundi alimpenda kimoyomoyo, kama mtu aliyeficha samaki kabatini: harufu imejaa nyumba, yeye anadhani hakuna ajuaye. Kinyozi akamposa Kidosho.

Na video ya harusi ikapigwa na nani?

"Dada, nani atanipiga vizuri kama wewe?" Kidosho alimwambia, hana habari.

Fundi akabeba kamera yake mpya, ile inayoonyesha mpaka vinyweleo, akatabasamu siku nzima hadi mashavu yakamuuma.

Baada ya harusi akajifungia chumba cha nyuma kuitengeneza ile video, pazia limeshushwa mchana kweupe ili mwanga usiakisi kwenye kioo cha kompyuta. Video ikawa inaganda. Inakwenda kidogo, inasimama, inaruka. Hilo halikumshangaza, kamera mpya inatoa video nzito, na kompyuta yake ilikuwa kikongwe. Ni kumtwika mbuzi gunia la punda. Akafunga programu nyingine zote. Akaihamisha video kutoka kwenye kadi ya kamera. Wapi! Tena picha ikiganda, bibi harusi mdomo wazi, kicheko kiliendelea nyuma yake, kicheko cha mtu mmoja tu, ambaye Fundi hakumkumbuka ukumbini. Chumba kikaanza kunuka nywele zilizoungua.

"Kompyuta imepata joto," akajisemea. Mwenye kijicho hakosi sababu.

Akafanya kama wafanyavyo wenye kazi hiyo. Wanatoa nakala nyepesi ambayo kompyuta inaimeza bila kukabwa. Wanakata na kuunga kwenye nakala, wakimaliza wanairudisha ile ya asili mahali pake. Nakala ikateleza kama mafuta. Lakini kila mahali asili ilipoganda, kwenye nakala Kidosho hakuwepo. Kinyozi anacheka na kiti kitupu. Kinyozi ameshika mkono wa hewa.

Mwenye akili angetimua mbio. Fundi akavuta kiti karibu, akarudia kutazama, akarudia tena, na kifua chake kikapoa kama cha mtu aliyekunywa maji, maana kile kiti kitupu kilimtosha yeye barabara.

"Nimtoe na pale alipobaki?" sauti ikauliza kwenye spika, kwa adabu, kama mhudumu wa duka.

Fundi hakugeuka. "Mtoe," akanong'ona. Wala hakuuliza anapelekwa wapi.

Kesho yake kinyozi alikuja mbio na aproni shingoni.

"Shemeji, njoo umwone mdogo wako. Usipige kelele. Njoo tu."

Kidosho alikuwa amesimama jikoni, kikombe kimekaribia midomo na hakifiki, jicho halipepesi, mvuke wa chai peke yake ndio unaopanda, na wao wakimtazama wanaogopa hata kumgusa, ghafla, bila mkono kushuka wala mguu kunyanyuka, kikombe kikawa mezani na yeye yuko dirishani, yumo katikati ya maneno ambayo hakuna aliyesikia mwanzo wake, na ile harufu ya nywele zilizoungua ikawapanda puani wote.

"Tangu jana," kinyozi akanong'ona. "Na kila akiganda, shemeji, anachelewa zaidi kurudi."

"Mnanong'onezana nini ninyi?" Kidosho akauliza. "Dada, video yangu tayari?"

Hapo Fundi akatoka mbio. Akaenda kwa mganga, mama mmoja asiye na muda wa machozi ya mtu, akamsimulia yote.

"Ulipoulizwa ulijibu nini?"

"Nilisema... mtoe."

"Kwa kinywa chako?"

"Kwa kinywa changu, mama."

"Basi unataka nimfukuze vipi mgeni uliyemkaribisha? Mdogo wako wa asili anaye huyo mgeni, ninyi mmeachiwa nakala. Kaifute ile nakala ya video, umwambie mgeni wako amrudishe mdogo wako, achukue nyakati zako."

"Zipi?"

"Ungeuliza mapema. Sasa atachagua mwenyewe."

Fundi akafuta, akasema. Kidosho akapona siku ileile. Na ile video nzito ikapita kwenye kompyuta kikongwe bila kukwama, harusi nzima, mwanzo hadi mwisho, Fundi akalazimika kuitazama yote.

Baadaye naye akachumbiwa na seremala, mtu mwema. Siku yenyewe Kidosho alimshika mkono, mfungisha ndoa akafungua kinywa amuulize kama amekubali. Fundi akapepesa jicho. Alipolifumbua, viti vilikuwa vinakunjwa na ukumbi unafagiwa.

"Dada, ulivyopendeza!" Kidosho akamwambia. "Na ulivyocheka! Kicheko kile sijawahi kukusikia nacho."

Ukumbi ulinuka nywele zilizoungua.

Amezaa, hakumsikia mtoto akilia mara ya kwanza. Mtoto ametembea, hakuona. Furaha ikibisha hodi, yeye anaganda ndani, na yule mgeni anaipokea kwa mwili wake. Misiba yake yote ameachiwa, hakuna hata mmoja uliokatwa.