Mlango wa Toleo la Tano

Saa tatu asubuhi toleo la tano la programu ya milango liliwashwa, na kila mlango wa ghorofa ya sita na wa ngazi ukalia "tik" na kujifunga. Watu wanne waliokuwa ofisini wakapiga makofi. Mkurugenzi akatangulia kutoka ili apokee ukumbini chini wageni waliokuja kuliona toleo hilo. Akapitisha kadi yake, taa ya kitasa ikabaki nyekundu. Akapitisha tena. Nyekundu vilevile. Makofi yakafa.

"Nani kanifungia?" aliuliza, bado anacheka.

Mtu akaanza kugonga kioo mwisho wa ofisi.

Aliyegonga alikuwa msimamizi wa seva, zile mashine kuu za ofisi. Alikuwa ameingia chumba cha seva kuangalia toleo jipya linavyokwenda, na sasa alikuwa amenaswa nyuma ya kioo kinene kama ukuta. Pochi yake ilikuwa juu ya meza, upande huu. Ndani ya pochi mlikuwa na inhela yake ya pumu.

Dada yake aliiona ile pochi kabla ya kitu kingine chochote. Dada huyo alikuwa mkaguzi wa programu. Kazi yake ilikuwa kutafuta makosa ya wenzake kabla wateja hawajakutana nayo, ndiyo maana ofisi nzima ilimwita Bi Kasoro. Simu ikalia mkononi mwake.

"Dada, kiyoyozi kimezima," mdogo wake alisema. "Na mashine haikubali neno langu la siri. Mtu amelibadilisha."

"Kaa chini sakafuni, kwenye ubaridi. Usiongee sana. Nakutoa."

Aliahidi kabla ya kujua atamtoaje.

Mkurugenzi alikuwa amekwisha kukimbilia swichi kuu ukutani. "Tuzime umeme wote!"

"Usiguse!" Mwalimu alipaza sauti. Huyu ndiye aliyekuwa mwandishi mkuu wa programu, mtu mzima mwenye mvi za pembeni, na kila mmoja pale alijifunza kazi mikononi mwake. "Umeme ukikatika, vitasa hivi vinabaki vimefungwa hivyo hivyo. Nilikuambia mara ngapi? Vishikizo vya kufungulia kwa ndani umeving'oa wewe, eti vinaharibu sura ya mlango!"

Mkurugenzi akaondoa mkono kwenye swichi.

Zimamoto walipigiwa simu. Walifika upesi, lakini mlango wa ngazi nao ulikuwa umefungwa, wa chuma, na juu yake kulikuwa na mingine. Wakasema wataikata mmoja baada ya mwingine, watu wawe na subira. Bi Kasoro akatazama kioo. Mdogo wake alikuwa amekaa sakafuni, kiganja kifuani. Subira huvuta heri, lakini pumu haijui methali.

Akafungua laptopu yake. Ndani yake alikuwa na nakala ya msimbo wote wa toleo la tano, yaani maandishi yanayoendesha programu, pamoja na historia ya kila badiliko na jina la aliyelifanya. Akasoma kutoka la mwisho kurudi nyuma. Badiliko moja la jana liliandikwa "kurekebisha herufi" tu, lakini ndani yake mlikuwa na mistari michache isiyohusu herufi hata kidogo: ilifunga milango yote, ikazima kiyoyozi, ikabadilisha neno la siri. Katikati ya mistari hiyo kulikuwa na namba ndefu ya tarakimu kumi.

"Hii si hitilafu," alisema. "Tumefungiwa makusudi."

"Jina la nani?" mkurugenzi aliuliza.

Bi Kasoro alisita. Jina lilikuwa la kijana wa mwezi wa pili kazini, aliyekuwa bado anaitwa Mgeni. Mkurugenzi alilisoma mwenyewe juu ya bega lake, na kufumba na kufumbua akawa amemkaba Mgeni ukosi wa shati.

"Fungua!"

"Mzee, wallahi si mimi! Hata hiyo programu ya kiyoyozi sijawahi kuigusa!"

"Mwache," Bi Kasoro alisema. "Jina hapa mtu analiandika mwenyewe kwenye mashine yake. Mimi nikitaka, sasa hivi naandika lako. Mgeni, hii namba unaijua?"

Mgeni akainama, anahema. "Labda namba ya kadi."

"Kadi zetu zina tarakimu nane. Mwalimu, wewe?"

Mwalimu hakusogea alipokuwa. "Sijui, binti yangu. Mtu akiandika ovyo, nani atamwelewa?"

Saa ya ukutani ilikaribia saa nne. Mwalimu akakunja waya wa chaja, akaupachika kwenye mkoba, akafunga zipu. Akauvaa begani. Saa nne ilipogonga alikuwa amesimama mbele ya mlango, macho yake yamekazia taa nyekundu.

Taa haikubadilika. Mwalimu akaitazama saa yake ya mkononi, kisha taa, kisha saa tena. Jasho likamtoka kwenye paji la uso.

Bi Kasoro aliyaona yote hayo, na kitu kikamgonga moyoni. Mtu havai mkoba kabla mlango haujafunguka. Akarudi kwenye ile namba ya tarakimu kumi. Mashine huhesabu wakati kwa sekunde, mfululizo, tangu tarehe maalumu ya zamani, na hesabu hiyo huandikwa kama namba moja ndefu. Akaigeuza iwe tarehe. Ikasomeka: leo, saa sita kamili mchana.

Saa sita. Si saa nne. Tofauti ya saa mbili.

Akalitazama lile badiliko tena, safari hii pembeni, pale ambapo watu hawapatazami. Kila badiliko hubeba pia majira ya mashine lilikotoka. Mabadiliko mengine yote ya Mgeni yalibeba majira ya hapa. Hili moja lilibeba majira ya nchi iliyo nyuma kwa saa mbili.

"Nani kati yetu amesafiri karibuni?" aliuliza.

"Mimi na Mwalimu," mkurugenzi alisema. "Wiki jana, kwenye maonyesho. Unajua vizuri. Kwani nini?"

"Laptopu yako inasema saa ngapi sasa?"

Mkurugenzi alikunja uso. Alikuwa na sababu ya kuogopa swali: programu ya kwanza ya kampuni aliiandika yeye, na mistari kama ile isingemshinda. Hata hivyo aligeuza kioo cha laptopu yake. Saa nne na dakika chache.

"Mwalimu, na yako?"

"Imeisha chaji."

"Asubuhi ilikuwa na chaji," Mgeni alisema polepole. "Nilikuja kukuita kwenye kikao, ukaniambia kalenda yako inasema bado saa mbili nzima. Nikakutania kwamba wewe bado uko safarini."

Kilichosikika ni msumeno wa zimamoto tu, mbali, chini.

"Ulipanga ifunguke saa nne," Bi Kasoro alisema. "Ndiyo maana ukafunga mkoba. Lakini saa ya laptopu yako bado iko ugenini, Mwalimu. Saa nne ya huko ni saa sita ya hapa."

"Binti yangu, unanishuku mimi? Mimi niliyekushika mkono siku ya kwanza?"

"Njoo hapa kwenye kioo."

"Hizo namba zinaweza—"

"Njoo umtazame!"

Akaja, kwa hatua za mtu anayepelekwa. Nyuma ya kioo, mdogo mtu alikuwa ameinama mbele, mabega yanapanda na kushuka kwa kila pumzi. Alimwona Mwalimu akajaribu kutabasamu, kama mtu anayemwona mwokozi.

Tabasamu lile ndilo lililomvunja.

"Sikujua kama ataingia," Mwalimu alisema. "Nilitaka tunaswe sisi tu. Saa moja tu, bila kiyoyozi, wageni wakiwa chini, wajionee. Mchana huu toleo hili linakwenda hospitali ya watoto. Nilimwomba mkurugenzi arudishe vishikizo, akanicheka mbele ya watu, akasema nimezeeka, naogopa milango. Nikasema, basi naye ajue ladha yake."

"Na jina langu je?" Mgeni aliuliza. "Mimi nilikukosea nini?"

Mwalimu hakumtazama. "Wewe ni mgeni. Nilijua wangekusamehe haraka."

"Na saa nne ilipopita ukanyamaza," Bi Kasoro alisema.

"Nilidhani nimekosea mstari. Nilikuwa nautafuta kichwani. Na niliogopa polisi."

"Neno la siri, Mwalimu. Sasa hivi."

Akalitaja. Lilikuwa jina la mke wake marehemu. Bi Kasoro alishika simu kwa mikono miwili, akamtamkia mdogo wake herufi moja moja, kisha akamwambia apeleke saa ya mashine mbele, ipite saa sita. Mdogo wake alijikokota hadi kwenye kibodi. Akakosea mara ya kwanza. Akapumzika, paji la uso limeegemea mashine. Mara ya pili vidole vikatii.

Milango yote ikalia "tik".

Bi Kasoro hakumbuki alivyofika. Anakumbuka hewa ya moto iliyomgonga usoni, na inhela ikipita kutoka mkono wake hadi mdomoni kwa mdogo wake, na pumzi ya kwanza iliyoingia vizuri.

Mkurugenzi alikuwa tayari kwenye simu, anawaita polisi. Alipomaliza, Bi Kasoro akampa namba nyingine.

"Hospitali ya watoto. Waambie wasisubiri toleo lolote, na uwaambie kwa nini. Usipowaambia wewe, nitawaambia mimi."

Mkurugenzi alimtazama, akatazama matundu yaliyobaki kwenye mlango pale kishikizo kilipong'olewa, akapiga simu.

Mwalimu alichuchumaa mbele ya mdogo wake Bi Kasoro, aliyekuwa amelazwa juu ya makoti sakafuni.

"Nisamehe, mwanangu. Lakini nilisema kweli kuhusu hii milango. Mungu shahidi, nilisema kweli."

Mgonjwa alivuta pumzi mbili ndipo sauti ikatoka.

"Ulisema kweli, Mwalimu. Humu ndani wewe ndiye uliyejua vizuri kuliko wote kwamba mlango huu unaweza kuua mtu." Akapumzika kidogo. "Na bado ukaufunga."