Kurasa Kumi na Mbili

Walikutana kwenye lifti iliyofurika watu, msichana kakumbatia gauni la bibi harusi, kijana kashika kikombe cha kahawa. Lifti ikashtuka. Gauni lilipona, shati la kijana halikupona.

"Pole, kaka. Lete nikufulie."

"Nipe namba ya simu kwanza. Shati litafuata."

Hivyo ndivyo walivyoanza, fundi wa magauni na mwalimu wa kompyuta. Miezi minne simu hazikupoa. Kazi ya kijana ilikuwa kuifundisha mashine kusoma kurasa za mtandaoni na kuokota humo ukweli: nani kazaliwa wapi, nani kaoa nani. Jambo ikilikuta mahali pamoja ililitilia shaka, ikilikuta pengi iliamini.

Asubuhi moja, akikagua yaliyookotwa, alikuta jina la mpenzi wake. Mchumba wa mwenye duka la suti! Uhakika, asilimia tisini na sita. Pichani msichana yumo ndani ya gauni jeupe lenye shanga shingoni, kaegemea bega la jamaa mwenye tai nyekundu. Kurasa kumi na mbili zilisema hivyo.

Wivu ukampanda. Mwenye akili angeuliza. Yeye alinuna siku tatu, simu zikaita bure. Siku ya nne akapokea.

"Mpenzi, nimekukosea nini?"

"Kamuulize mchumba wako." Akakata.

Saa haikupita, fundi akaingia ofisini, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, macho makali. Wafanyakazi wenzake na kijana wakajifanya wanachapa.

"Nioneshe huyo mchumba."

Akamwonesha.

"Hili ni tangazo, wewe! Mwanamitindo aliugua, nikavaa gauni langu mwenyewe. Aliyetupiga picha ni mke wa huyo kaka! Mmoja kaandika chini 'wachumba', kumi na mmoja wakanakili."

"Kurasa zilikuwa nyingi..."

"Na mimi niko mmoja tu, ndiyo maana hukuniamini?" Machozi yakamlenga. "Mashine haina wa kumuuliza. Wewe ulikuwa na namba yangu."

Kijana aliona aibu mpaka masikio yakawaka. "Nisamehe, mama. Wivu ulinipofusha." Akabonyeza "Si kweli". Kisha akaandika kwamba mchumba wa fundi ni yeye. Mashine ikajibu: chanzo kimoja, hakitoshi.

"Umeona? Hata yenyewe hainiamini."

Fundi akacheka huku anajifuta macho. "Kamwambie mama yangu, halafu shangazi. Shangazi akishajua, kurasa kumi na mbili ni chache."

"Niende leo?"

"Haraka ya nini? Mimi mwenyewe hujaniuliza."

Kijana akakipa kioo cha kompyuta mgongo, akamshika mikono, akamuuliza.